Unga Nyeupe Yenye Ilikulaka Rangi

Wakati Maman Zaina, mwenye alinilea, alinipigia simu, nilikuwa ku Uvira, mu duka yangu, nafungua paneli ya jua ya bwana mumoja mwenye alisimama juu ya kichwa yangu akinifundisha namna ya kuifungua. Nilikuwa nimeshaanza kumupandishia sauti. Maman hakusalimia. Alisema tu, "Riziki, Byaombe amelala. Kuya." Kwa sauti alikuwa kama muntu mwenye anaita mutoto kula, lakini mi nilijua ni kulala gani. Nilimurudishia ule bwana paneli yake ikiwa nusu, nikafunga duka, nikapanda pikipiki. Ku Mboko dereva alitaka kusimama anunue muhogo kwa bamama ba kando ya barabara, nikamuambia akisimama nitaendesha mwenyewe. Hakusimama. Niko hivi tangu zamani. Papa Byaombe njo aliniitaka Pilipili, na hakuna muntu alimubisha.

Tulimuzika kesho yake. Bantu ba kanisa yake baliimba muzuri. Nyuma ya maziko tukarudi kwa Maman Zaina, tukakaa ku mikeka, bamama banapika, bantu banaongea maneno ya hapa na pale kama kawaida ya kilio. Halafu Maman akaingia mu chumba, akatoka na koti ya kazi ya Papa Byaombe, ile alivaaga ku ziwa wakati anapaka maboti rangi. Akaniwekea ku magoti.  Mu ile nyumba bote bakageuka kuniangalia, sababu mu hii kartie, hii mutaa yetu, hata mutoto anajua: nguo ya marehemu ikifika ku mikono ya Maman Zaina ao ya mutoto wake, yenye inafuata ni basini, maji ya moto, chumvi, na rangi mupya. Koti ilikuwa ya buluu zamani. Sasa mabega ilikuwa nyeupe kabisa, mugongo kama wingu, na chini kidogo, buluu yenye kuchoka. Nilibaki nayo ku magoti na ile mwaka yote ya vita ikanirudilia.

Sitaeleza nilizaliwa na nani na nilifikaje kwa Maman Zaina. Ile ni habari ingine, na vita ilitupanga wengi bila kutuuliza. Nilikuwa na miaka kumi na sita, masomo ilikuwa imefungwa, na mi nilikuwa nasoma kila karatasi yenye inapita mbele ya macho, hata ile yenye banafungia sabuni. Nyumba ilikuwa ku mwisho wa kartie, hapa Baraka, pale udongo unaanza kushuka kwenda ziwani. Chumba ya mbele haikuwa ya kukaa. Ilikuwa ya mabasini: ya buluu, ya nyekundu, ya kahawia, na harufu yake ilikuwa inaingia mpaka mu chakula. Ya katikati tulilala mi na Maman. Ya nyuma alikaa Prof Wilondja, mwalimu wa kimia, ile banaitaga pia kemia, mwenye alikimbia kutoka Fizi, kule juu ku milima, na kitabu moja bila kifuniko na sufuria moja bila kifuniko pia. Maman alimuambiaga, "Prof, we kila kitu yako inavuta baridi." Ile kitabu alinipatia, nikaikula kama chakula. Kwenye sikuelewa niliuliza, na kwenye hakujua aliniambia hajui. Ile nilimupendea sana.

Magaribi, Papa Byaombe alikuwa anakuya. Kila siku na samaki moja, mukebuka, yenye imefungwa ku kamba, na kila siku na sababu ya mupya. Mara anakuya kuangalia mabati kama haijaanza kuvuja. Maman anamuambia mabati haijasogea tangu jana. Anasema, "Basi nikae nayo kidogo." Tunakula ugali ya muhogo, sombe ya majani ya muhogo kama iko, samaki ndogo za ndagala kama mukebuka ni mudogo, na pilipili kila siku. Nikiwa naosha sahani inje, nawasikiaga kupitia dirisha. Walikuwa banaongea maneno ya bantu bote ba ule wakati: nani amevuka kwenda Kigoma, barabara gani imefungwa, basoda gani, maaskari ba upande gani, bako ku barieri kuzuia njia leo. Siku moja nilisikia Papa anauliza pole pole, "Na we, ukivuka?" Maman akajibu, "Na mabasini yangu nitaweka wapi?"  Halafu Papa, "Mi pia nina maboti ya kupaka." Ilikuwa mazungumuzo ya mapenzi ile, lakini mi mwenye kujifanya najua yote, ile sikuijua. Habakuoana. Papa mukristu, Maman mwislamu, na bandugu ba pande zote bako na mudomo.

Kazi ya Maman ilianza na mutoto mumoja. Mu ile vita bantu balikufa mingi, na nguo mupya haikuwa inaingia. Kikwembe, ile kitambaa ya kujifunga, ya marehemu ilikuwa inavaliwa na mwengine, ao inauzishwa. Na kikwembe inajulikana. Siku moja Maman alikuwa ku soko, akaona mutoto mudogo anakimbia nyuma ya mama moja, anamuvuta nguo, anaita "Mama, Mama." Ule mama akageuka, na sura haikuwa yenye mutoto alikuwa anatafuta. Maman alisema hajawahi kuona uso ya mutoto ikianguka namna ile. Alinunua ile kikwembe pale pale ku mugongo ya ule mama, akaifikisha nyumbani, akaichovya mpaka kijani ikakuwa nyekundu ya damu ya ng'ombe, akamurudishia ule mama. Toka pale bantu bakaanza kumuletea. Koti ya baba, shati ya kaka, kikwembe ya dada. Unaleta nyeupe, unarudi na nyeusi. Rangi ilikuwa inavuka ziwa na maboti kutoka Kigoma, mu videbe vidogo. Bantu balisema Maman Zaina anafua kilio.

Lakini maji ya rangi inaenda wapi? Ilikuwa inashuka mu mufereji kando ya nyumba, na hakuna mwenye aliiangalia, mpaka mwaka ile, siku ya mvua. Tulikuwa tumechovya mu nyekundu nguo mingi, za marehemu ba familia nzima. Tukamwanga maji, mvua ikaisukuma, na chini kule ku kisima ya kartie maji ikakuwa nyekundu. We fikiria ni vita. Fikiria bamama banafika na mabidoni ya kuchotea, banakuta maji nyekundu inashuka kutoka juu, na juu kule usiku ulisikia risasi. Bakasema ni damu. Bakasema kuna bantu bameuliwa juu na banatupwa mu mufereji. Mbele ya saa sita, kuko familia zilikuwa zimeshafunga mizigo, zimeshika barabara ya Kazimia kutafuta boti. Mama Chausiku peke yake hakukimbia. Alichota kikombe moja, akafuata ile mustari nyekundu mwamba kwa mwamba, mpaka ku mulango yetu.

Mama Chausiku alikuwa na mudomo kubwa kuliko yote mu kartie, nikitoa yangu. Aliuliza Maman kama anajua bantu bamelala njiani na batoto sababu ya basini yake. Maman alikuwa ameshika mulango. Mi njo niliingilia. Nilimuambia Mama Chausiku kwamba ile ni rangi tu, na kwamba ile siku kikwembe ya mama yake ilichovywa hapa bila yeye kulipa hata sabuni, hakuuliza maji imeenda wapi. Akaninyooshea kikombe. "Ni rangi tu? Kunywa basi." Nikakunywa. Yote. Nilikunywa nikimuangalia mu macho. Nilikaa na meno nyekundu mpaka kesho, na tumbo sitaki hata kuieleza. Prof alinipigia kelele mara ya kwanza na ya mwisho mu maisha yake.  Maman alinishika kichwa, akanitapisha na maji ya chumvi.

Shefu, mukubwa wa kartie, akakuya nyuma ya siku kidogo. Hakuwa muntu mubaya, na ile njo ilinikasirisha zaidi, sababu muntu mubaya ni rahisi kumutukana. Alikaa, akakunywa chai yetu, akaeleza. Bamama sasa habataki kisima, banaenda kuchota ku ziwa, na ku ziwa lazima wapite ku barieri ya basoda. Basichana wawili bamesharudi bila mabidoni, na habataki kusema. Alisema, "Maman Zaina, koti ya kaka yangu ulichovya we, na mutoto wake anaivaa. Kazi yako siichukii. Lakini maji ikitoka tena hapa na rangi, utahama. Na mi njo nitakusaidia kubeba." Alitupatia muda mpaka soko ya wiki ya pili. Kuhama kwenda wapi, hakusema, sababu hakujua. Juu kulikuwa vita, ku Uvira barieri nyuma ya barieri, na ngambo ya ziwa ni kambi, na mu kambi hakuna mwenye atakuachia mabasini kumi na maji ya kuchezea. Kumuhamisha Maman ilikuwa kumunyanganya kazi, na ile kazi njo ilikuwa inamusimamisha.

Tulichimba shimo tumwange mule. Hapa Baraka udongo ni muchanga. Rangi ikanyonywa, ikatokea chini vile vile, pole pole tu, kama muntu mwenye anakuya kuomba. Prof alijaribu makaa: ilisafisha kikombe, haikuweza basini. Mi nilikuwa natembea mu nyumba napiga miguu, nataka kupigana na muntu na hakuna muntu.

Ile wiki Maman alinituma nipelekee Papa Byaombe chakula ku ziwa. Nilimukuta anaparuza boti ya tajiri mumoja, na amekasirika, na yeye kukasirika ilikuwa kitu ya nadra kama theluji. Akanionyesha. Mbele ya vita alikuwa ananunua unga nyeupe ya kutengenezea rangi, magunia ya aina mbili, na kwa macho zote ni nyeupe moja. Moja ni ya kuta za ndani ya nyumba, ya bei ya chini. Ingine ni ya inje, ya jua na mvua, ya bei kali. Yeye aliita tu unga ya ndani na unga ya inje. Vita ikakuya, unga ya inje ikakosekana, akabaki na gunia moja tu yenye alikuwa anachunga. Basi hii boti aliipaka na unga ya ndani, akaichanganya na nyekundu. Haikumaliza musimu. Nyekundu ikakuwa ya kupauka, ikakuwa nyeupe, na ukipitisha mukono unabaki na vumbi kama umeshika chokaa. Tajiri alimutukana mbele ya bavuvi bote. "Hii unga ni takataka, Pilipili," akaniambia. "Jua ikiipiga, inakula rangi yenye iko kando yake."

Nilikuwa nimeshaanza kuondoka. Nikarudi. Nikaingia mu boti, nikaangalia chini ya benchi, pale jua haifikagi. Rangi ni ile ile, siku ni ile ile, mukono ni ile ile, lakini pale ilikuwa bado nyekundu kama siku ilipakwa. Niliuliza, "Papa, inakula rangi ya boti tu, ao inakula rangi yote?" Akasema yeye hajaiuliza. Nikajaza kikopo na ile takataka kutoka ku gunia yenye ilipasuka, nikakimbia. Chakula nilimuachia mu muchanga.

Nilichukua sahani tatu na maji ya buluu ya basini. Moja niliweka unga, nikaisimamisha ku jua. Moja niliweka unga, nikaifunika chini ya kitanda. Moja niliisimamisha ku jua bila unga. Nikawa nakoroga na kijiti kama muchawi, Maman ananiangalia. Magaribi sahani ya chini ya kitanda ilikuwa buluu, ya jua bila unga ilikuwa buluu yenye kuchoka kidogo. Ya unga na jua ilikuwa kama maziwa, na tulipoiacha unga ikalala chini, maji ya juu ilikuwa maji. Prof alitoka inje bila viatu, akaishika ile sahani na mikono mbili, akaizungusha, akaizungusha. Papa Byaombe alifika na mukebuka yake, akakuta hakuna mwenye amepika.

Basi nikafanya kile kitu mi nafanyaga: nikatangaza. Nikaenda kwa shefu, nikamuambia akuye mbele ya siku ya soko na bote benye kutaka, tutasafisha maji ya basini kubwa mbele yao. Papa nikamuambia alete unga. Ile asubui bakakuya mingi. Mama Chausiku alibeba mpaka kiti yake. Na Papa akafika amevaa shati ya kanisa, gunia ku kichwa, nzima, imeshonwa, bila tundu. Tukamwanga, tukakoroga, jua ilikuwa kali ya kupasua mawe. Saa sita, nyekundu. Saa nane, nyekundu. Bantu banaanza kutafuta kivuli. Saa kumi tulikuwa bado na basini ya maziwa nyekundu, na Mama Chausiku akasimama, akachungulia, akasema kwa huruma kubwa, "Mutoto yangu, umetupikia chai ya maziwa. Sukari iko wapi?" Balicheka mpaka shefu akaangalia chini.

Nilimuambia Mama Chausiku ametia kitu mu basini. Nilimuambia na maneno mingine. Nilikuwa nimeshafunga kikwembe mu kiuno, nimuendee, wakati Maman Zaina aliongea, na hakuongea na mi.

"Byaombe. Hii unga umetoa ku gunia gani?"

Papa alikuwa anaangalia viatu vyake. "Ile ya muzuri."

"Ya inje?"

"Ya inje."

"Ile ulikuwa unachungia boti yako?"

Akasema ndiyo na kichwa. Maman akauliza ni sababu gani, na bote tulikuwa tunasikia, shefu, bamama, Prof, na Papa Byaombe akajibu kwa sauti ndogo, "Siwezi kukuletea we takataka mbele ya bantu."

Hakuna mwenye alicheka. Mwe benye kusoma hii, kama muko ba kwetu, munajua. Muntu akienda kwa mwenye anaheshimu habebi kuku yenye inakohoa. Anatafuta yenye kunona, hata kama njo ya mwisho. Hii gunia ilikuwa ya mwisho, na huku kwetu ku vita hakukuwa ingine. Alikuwa anaichunga miaka apake boti yake mwenyewe, yenye alijenga na mikono, yenye ilikuwa imekaa ku muchanga uchi bila rangi. Akaimwanga yote mu basini ya Maman Zaina, sababu ilikuwa kitu ya muzuri yenye alikuwa nayo. Na ilikuwa muzuri sana mpaka haikufaa. Mama Chausiku akakaa tena ku kiti yake, akajipepea na mukono. Akasema, hakuna mwenye amemuuliza, "Mi bwana yangu hajawahi kuniletea hata ya ndani." Pale njo bakacheka, na shefu pia, na akasema jua ya kesho itakuwa ya mwisho.

Kesho yake kulikuwa wingu. Bantu bakafika vile vile. Tukaweka unga ya ndani mu basini, tukangojea, na sababu ya kungojea bakamuuliza Prof: nyeupe na nyeupe, inapishana namna gani? Prof akachukua matofali yenye ilibaki ku ukuta wa jirani. Akasema bintu ni moja: hii unga na ile, ukizivunja kabisa, ni madini ya titani na oksijeni, hesabu moja, kama matofali ya tanuru moja. Kinachopishana ni namna yamepangwa. Akapanga nyumba moja ya kubana, ingine ya kuachia nafasi. Jua ikipiga punje, inaamusha cheche ndogo ndani yake. Mu ile ya kubana, cheche inazimika mbele ya kufika ku mulango. Mu ile ingine inaishi kidogo zaidi, inatoka inje, inakutana na maji na hewa, na pale inazaliwa kitu yenye inauma rangi, inaikata vipande mpaka haiko rangi tena. Ile ya kubana njo inachunga boti. Ile ingine njo inakula. Alisema pia hana hakika ya yote, kitabu yake inakatika pale pale. Mama Chausiku akasema, "Kwa hiyo ni kama bantu. Tuko udongo moja, ni mupangilio." Prof akamuambia angemupatia pointi kumi ku kumi.

Nyuma ya miaka, peke yangu, na simu, nilitafuta nikapata majina: ile ya kubana banaita rutile, ile yenye kula banaita anatase. Nikasoma kama leo, mu malabo, ku maabara kubwa, banapika punje ndogo kabisa, nanopartikile, jicho haiwezi kuiona, na banatafuta namna ya kuzipanga ziume zaidi, sababu ya mito yenye viwanda vinatia rangi. Nikiwa nasoma ile usiku mu duka yangu nililia, na siliagi ovyo. Bantu bakubwa ku inchi za mbali banauliza swali yenye tuliuliza na basini ku Baraka, tukisikia bunduki. Na hakuna mahali ku yale maandishi benye kuandika baliweka shati ya kanisa.

Wingu ikafunguka mbele ya saa tano. Tukakoroga kwa zamu. Mama Chausiku akanivumilia kidogo, halafu akaninyanganya muti. "Unakoroga kama unaogopa kuamusha maji," akasema, na akakoroga yeye, mikono yenye inapondaga sombe ya bantu kumi na mbili. Saa nane ilikuwa maziwa ya kupauka. Saa kumi ilikuwa maziwa tu. Tukaacha unga ilale. Shefu akachota juu na kikombe ya kioo, akaiinua ku jua, akaona kidole yake ngambo ya kikombe. Mi nilinyoosha mukono nikunywe, na Prof akanipiga ku vidole. Alieleza bote kwamba rangi kutoka haiko uchafu kutoka. Hii maji itamwangwa ku migomba, mbali na kisima, na ya kunywa itaendelea kuchemushwa. Shefu akakubali. Akamuambia Maman, "Kaa." Neno moja. Maman akaingia mu nyumba haraka, na tukasikia anapanga masahani yenye ilikuwa imeshapangwa.

Vita haikusikia habari yetu. Ilifika Baraka vile vile, tukakimbia na miguu mpaka Kazimia, bote, Mama Chausiku na kiti yake, na tulirudi tukakuta mabasini imeibwa na mulango imeibwa. Gunia ya unga peke yake ilibaki, wazi, na alama ya mukono ndani: mwizi alifikiri ni ya mukate, akaonja, akatema ku ukuta. Tukaanza tena. Prof alirudi Fizi wakati masomo ilifunguka, akaniachia kitabu. Boti ya Papa Byaombe ilikaa bila rangi mpaka ikaoza. Bantu bakimuuliza lini ataipaka, alijibuga, "Ilishapakwa. Ilipakwa mu basini." Na magaribi alikuwa anakuya kuangalia mabati, na mukebuka, na nywele ikimugeuka nyeupe, na koti pia, sababu ile unga ilikuwa imeingia mu nyuzi, na ku ziwa jua haikosagi.

Sasa nilikuwa na ile koti ku magoti. Nilisimama, nikaenda ku jiko, nikaweka maji ku moto, nikatafuta chumvi. Nikaingiza mukono mu mufuko ya koti kuangalia kama kuna musumari ao kitu, nikaugeuza. Ndani ya mufuko ilikuwa buluu. Buluu ya duka, ya siku ya kwanza, sababu pale jua haikuwahi kufika. Nikabaki naiangalia. Maman Zaina alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Maji ya nini?"

"Ya koti, Maman. Si umeniwekea ku magoti?"

"Nilikuwekea uishike. Nani alikuambia kuchovya?" Akaichukua, akaurudisha mufuko ndani pole pole, kama analaza mutoto. "Mi nilifichia bantu bamarehemu bao miaka yote. Huyu wangu musinifichie."

Nilizima moto. Asubui yake nikaamuka nikakuta mukeka yake haina muntu. Nilitoka inje nikamuona anashuka kwenda ku kisima na bidoni ndogo, amevaa ile koti juu ya kikwembe, mabega nyeupe, inamupita ukubwa. Kando ya njia kulikuwa mujukuu wa Mama Chausiku, kasichana ka miaka mine hivi, kenye hakuna mwenye alikuwa amekaeleza kwamba Byaombe amekufa. Kakaona ile mugongo. Kakaanza kukimbia, kanaita, "Babu! Babu Byaombe!"  Maman alisimama. Aliweka bidoni chini, akageuka na uso yake yote, na akangojea ule mutoto afike, mikono yake ndani ya mifuko.